Mlezi wa Stoo

“Mwanangu nimemsomesha mpaka chuo kikuu, jirani, halafu wewe unamlisha stoo, katikati ya mafagio!”

Aliyefoka ni fundi cherehani, utepe wa kupimia ungali shingoni. Jirani yake, aliyekaa ubavuni mwake, ni msafishaji katika ile kampuni kubwa iliyomwajiri binti wa fundi mwezi uliopita. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma yao ndani ya basi, na masikio sikuyaacha nyumbani.

“Nilimkuta kwenye ngazi anakula peke yake, machozi yanadondokea chakula,” msafishaji akajibu. “Alitaka kuacha kazi. Ningempita na ndoo yangu?”

“Si wamempa mlezi wa kumwelekeza?”

“Wa kwenye karatasi! Wiki ya tatu hii hajamwona hata kisigino. Mimi ndiye niliyemwambia bosi gani aulizwe asubuhi, na yupi asubiriwe mpaka anywe chai. Jana kauliza swali lake la kwanza kwenye mafunzo, akaja mbio stoo kunihadithia.”

Fundi akajifuta jicho kwa ncha ya utepe. “Mimi kila jioni ananiambia, ‘Salama, mama.’”

“Atasema nini kingine, shoga, nawe umeshamtangaza mtaa mzima?”

Kituo changu tulishakipita, lakini nani angeshuka?

Basi liliposimama, fundi akamshika mwenzake mkono. “Hiyo stoo bado sijaikubali. Lakini twende ukale kwangu, binti akirudi atukute wote mezani.”