Karibuni ya Bi Hildegarda na Meli ya Mbolea

Mimi Mwinshehe, zamani mnyapara wa makuli na sasa mlinzi wa geti, nina miaka sabini na tisa. Nimelizidi umri shamba la mkonge lililomleta baba yangu Kilosa, nimewazika wenyeviti watatu wa ushirika huu, na mafuriko ya mto Mkondoa yalipobeba tuta la reli, mimi hayakunibeba. Sasa namwona na Bi Hildegarda anaondoka. Tarehe 30 mwezi huu wa Juni, Afisa Usafirishaji wetu anastaafu baada ya kazi ya miaka thelathini na mmoja. Mimi getini bado nipo.

Viongozi walitaka wasifu huu uandikwe na mtu mwenye kisomo. Nikakataa. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kwenye kesi ya meli wenye kisomo wa hapa ofisini hawakuwepo, mimi nilikuwepo. Yunis wa ofisini anapiga chapa tu, na nimemwonya asininyooshee maneno.

Bi Hildegarda alikuja kwetu akiwa binti wa milimani, ametoka shule ya misheni, ameajiriwa kuhesabu magunia pale stesheni. Alivaa viatu vya kanisani. Makuli wangu wakacheka. Akavivua, akapanda juu ya rundo la magunia. Tukapiga kelele, "Dada, utaanguka!" Akajibu kule juu, "Nikianguka si mtanibeba? Kazi yenu si kubeba?" Kuanzia hapo hakuna aliyemcheka, maana nilikataza.

Alipopewa usafirishaji hakukaa ofisini. Siku za gulio alikwenda Ulaya, hii ya kwetu Kilosa siyo ya wazungu, kwa baiskeli, akakaa na wauzaji, akajua nani anavuna lini kabla wenyewe hawajaja kuomba lori. Kule kijiji cha Tindiga lori lilizama kwenye majaruba ya mpunga, akaenda kuongea na wafugaji, wakamletea ng'ombe wa kulivuta. Dereva aliona aibu mwezi mzima. Mbegu za shamba la Kilangali wakati wake zilifika kabla ya mvua, siyo baada yake kama nilivyozoea kuona.

Lakini heshima yake kubwa ni ile meli.

Mwaka ule vyama vya ushirika kadhaa viliungana kukodi meli nzima ya mbolea, na chama chetu kikapewa kazi ya kuipokea. Sasa mkataba wa kukodi meli, ukiuondolea maneno yake marefu, ni habari ya hodi. Meli ikifika inapiga hodi kwa maandishi, kwamba imefika na iko tayari kupakuliwa. Hapo siku za kupakua zinaanza kuhesabiwa. Zikiisha mzigo bado uko ndani, aliyekodi anamlipa mwenye meli fidia ya kumchelewesha. Watu wa bandarini wanaiita dimareji. Ila hodi yenyewe iwe ya kweli. Meli ambayo haiko tayari, hodi yake haina kazi.

Basi hodi ikaja. Gabrieli, wakala wa wenye meli kule Dar es Salaam, akamtumia Bi Hildegarda ujumbe wa simu: meli imefika, iko tayari. Bi Hildegarda ni mtu aliyelelewa. Akajibu kama ambavyo wewe unayesoma ungejibu: "Tumepata taarifa. Karibuni sana."

Mimi nilikuwa nimeshatangulia gatini na makuli wangu. Natazama juu, winchi za meli zimekufa. Na kwa mkataba ule, za kupakulia ni hizohizo za meli. Mafundi wanapanda, mafundi wanashuka, malori yetu yako foleni, madereva wanacheza karata. Nikampigia simu Bi Hildegarda. "Mama, mgeni wako amekuja hana mikono."

Winchi zilipopona tulipakua kama watu waliochokozwa, lakini siku za mkataba zilikuwa zimekwisha. Wenye meli wakadai fidia yao. Wakasema siku zihesabiwe tangu hodi, kwa kuwa hodi tuliipokea wenyewe. Karibuni, wakasema, maana yake mmekubali kwamba meli iko tayari.

Hapo palikuwa pabaya. Kulipa fidia ile ilikuwa ni kuuza godauni letu la Mikumi, na mkulima bila godauni anauza mazao yake shambani kwa yeyote anayepita. Bi Hildegarda naye angefukuzwa. Mwenyekiti wa wakati ule, sasa marehemu, akamwita. Dirisha lilikuwa wazi na mimi sikuziba masikio.

"Sema simu ilikuwa kwa yule karani mpya," mwenyekiti akamwambia. "Bado binti mdogo, atapata kazi nyingine."

"Mwenyekiti, mkono ulioandika ni huu. Kama kukaribisha ni kosa, nifukuzeni mimi."

Karani mwenyewe alikuwa Yunis. Ndiyo, Yunis, piga chapa hivyohivyo. Bi Hildegarda hakutaka ujue. Mimi nataka.

Mkataba ulisema ugomvi wa meli uamuliwe na msuluhishi. Huyo alikuwa Bwana Lusekelo, anatokea Mbeya. Gabrieli na wakili wao wanatokea Dar. Wakakubaliana kukutana Mikumi, kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni, malori ya Tunduma yananguruma nje. Mimi nilikwenda kama shahidi wa winchi. Asubuhi yote mambo yalituendea upande. Wakili wao aliusoma ule ujumbe mpaka nikauchukia. "Na siyo karibuni tu, mheshimiwa," akasema. "Karibuni SANA!"

Mchana tukatoka uani kwa Monica, mama lishe. Gabrieli akaletewa sahani ya kwanza, kuku wa kukaanga na ndizi. Akanawa, akatutazama, akasema kwa adabu ya kwao, "Karibuni jamani. Mzee Mwinshehe, karibu sana."

"Ahsante, endelea," akasema Bwana Lusekelo.

"Starehe tu, mwanangu," akasema Bi Hildegarda.

Mimi nikanawa mikono.

Nikavuta stuli, nikachukua paja. Gabrieli akacheka. Nikachukua la pili. Akaacha kucheka.

"Mzee, shikamoo," akasema.

"Marahaba."

"Hii ni sahani yangu, mzee."

"Si umenikaribisha?"

"Nimekukaribisha kwa heshima tu, baba! Karibu ya namna hii si inajulikana?"

Bi Hildegarda akaweka kikombe chini polepole. "Gabrieli, hebu rudia. Nadhani Bwana Lusekelo hakukusikia."

"Nimesikia," akasema Bwana Lusekelo, na akageuza uso tusimwone akicheka.

Tuliporudi ukumbini Bi Hildegarda hakusema mengi. Alisema aliandika neno la kumpokea mgeni. Hakuandika kwamba ameziona winchi, wala kwamba ni nzima. Anayepiga hodi ndiye anayejua kama yuko tayari. Wakili akaruka juu, "Chakula siyo mkataba!" Bi Hildegarda akamjibu, "Sawa kabisa. Na adabu siyo mkataba."

Uamuzi ulikuja kwamba siku zihesabiwe tangu winchi zilipoanza kufanya kazi. Ucheleweshaji wa malori yetu wenyewe siku za mvua tuliubeba sisi, na hiyo ni haki, silalamiki. Godauni likabaki. Bi Hildegarda akabaki. Wako wanaosema siku ile nilikuwa na njaa tu. Nilikuwa na akili. Njaa nayo ilikuwepo. Bi Hildegarda mwenyewe husema niliutia aibu ushirika kwa ulafi, na tumebishana hilo miaka yote hii, na sijashindwa.

Baada ya hapo bodi ilitaka kupiga marufuku neno karibuni kwenye ujumbe wa kikazi. Akakataa. Akasema tuandike kwanza kwamba tumepata taarifa na meli itakaguliwa, kisha tuwakaribishe watu, kwa sababu winchi mbovu za meli moja haziwezi kututoa kwenye ubinadamu. Mpaka leo tunaandika hivyo, na hatujaingia tena kwenye ugomvi wa namna ile.

Bi Hildegarda, makuli wako wa zamani, madereva, wakulima wa Ulaya na Tindiga na sisi wa getini tunakushukuru. Nenda kwenye shamba lako, ulale mpaka jua lichomoze, uwe na afya, na wajukuu wakusikilize kuliko tulivyokusikiliza sisi.

Niliyoandika Bwana Lusekelo anayajua, yuko Mbeya. Monica anayajua, bado anapika palepale Mikumi. Gabrieli naye amealikwa kwenye sherehe, mwulizeni mbele yangu. Ila akisema nilimaliza sahani nzima msimwamini. Ndizi nilimwachia.