Msiinyooshe Sauti Yake

Sogeeni, wanangu, mkae pale ninapowaona nyote wawili, na anayetaka kulia asubiri nimalize, maana pumzi niliyobaki nayo ni haba na sitaki kuimaliza kwa kubembeleza watu wazima.

Nyumba ni yenu nyote; haiuzwi, wala hakuna wa kuijengea ukuta katikati. Cherehani mpeni jirani mshonaji, inaruka nyuzi lakini yeye anazijua tabia zake. Shangazi yenu, aliyesema mbele za wageni kwamba huyu mtoto wangu mdogo apelekwe chumba cha nyuma kwa sababu anatikisika, nimemsamehe. Siku ya mazishi mpeni kiti cha mbele, ila msimpe nafasi ya kuzungumza, mtakesha.

Sasa lile lililonikaa rohoni. Fundi, mwanangu wa kwanza, sijaona aliyempenda mdogo wako kama wewe. Mikono yake ilipokataa gitaa, ikakataa ngoma, ikakataa kila kitu, ulikaa naye mezani hapo mkibishana na kuchekana mpaka mkapata hiki kinanda cha kompyuta, chenye kamera ndogo inayofuata kichwa chake, akikiinua sauti inapanda, akikiinamisha inashuka, na kitufe laini anachokibonyeza kwa shavu. Mkajiwekea sheria kwamba hakuna atakayegusa mipangilio yeye akiwa hayupo, kwa sababu shingo ni yake, na ni yeye anayejua leo imeamkaje. Mimi nilikuwa nashona huku nasikiliza. Sauti yake ilikuwa ikitetemeka kidogo kabla ya kutulia, kama mtu anayesita mlangoni, na kwa mtetemo ule nilijua kama amelala vizuri, kama ana hasira na mimi, kama amemkumbuka marehemu baba yenu. Naitamani sauti ile, wanangu. Naitamani kuliko haya maji mnayonilowesha nayo midomo.

Halafu ikaja harusi ya jirani, mdogo wako akaombwa apige. Ukaogopa watu wasije wakamcheka mdogo wako, ukafungua kompyuta yeye akiwa ndani anavishwa nguo, ukaiagiza mashine iunyooshe kila mtetemo usisikike. Ikapiga kitu kimenyooka, hakina doa, watu wakasimama kumpigia makofi, na wewe ukatokwa na machozi ya furaha. Mimi nilikuwa namtazama usoni. Tuliporudi, namvua viatu, akaniambia taratibu kama anavyosema, “Mama, yule aliyepiga pale si mimi. Mimi nilikuwa nimekaa tu.”

Tangu siku hiyo kinanda kimefunikwa kitambaa. Ukimuuliza, anakwambia shingo inamuuma. Haimuumi, baba. Anaona vibaya kukwambia, kwa sababu ulifanya kwa mapenzi, na ingekuwa amefanya adui angeshamtukana zamani. Usiiname hivyo. Sikukuita nikuaibishe, nimekuita kwa sababu nikiondoka hakuna mwingine atakayekwambia, na yeye atakaa kimya humu ndani mpaka azeeke.

Kwa hiyo sikilizeni. Kinanda hiki sikirithishi kwa mtu, kwa kuwa hakikuwa changu, na si chako, Fundi, ingawa umekitengeneza wewe. Neno la siri la kukifungua unalo wewe peke yako. Mpe. Mpe sasa hivi, nikiwa nasikia, kisha alibadilishe aweke lake, na wewe usilijue. Kikiharibika atakuita, nawe ukiitwa njoo, vuta kiti, uliza kwanza ndipo uguse. Na wewe, kitindamimba wangu, mtu akikukosea kwa huruma mwambie siku hiyo hiyo. Usimfiche kaka yako. Ni mzito wa kuelewa, lakini akielewa ameelewa.

Haya, kisogezeni. Zaidi. Kamera imwone. Toa mipangilio ile ya harusi, yeye mwenyewe akuelekeze... Umemaliza? Basi geuka ukutani, Fundi, mtu hawezi kuweka siri huku anachunguliwa. Taratibu, mama yangu, chagua herufi zako. Mimi nakungoja. Sina pengine pa kwenda leo.

Mnizike asubuhi, kabla jua halijawa kali. Msigombane kwa ajili ya vyombo. Radhi zangu mnazo, wewe na wewe, zote, sikubakiza. Mungu awakalishe meza moja, awape... awape subira ya kuulizana. Nishikeni mkono. Si huo, huu wa upande wa... ndiyo.

Umesikia, Fundi? Imetetemeka. Kabla haijatulia, imetetemeka. Ndiye huyo. Ndiye mwanangu huyo.

Ana hasira kidogo. Mwache... aendelee.

Msinifumbe macho bado. Nasikiliza.