Gurudumu la Upande wa Kijiwe

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao, limeegemea ukuta wa kibanda cha kutengeneza redio, mkono wa kushoto wa barabara ukiwa unaelekea mlimani. Mbele yake kuna jiko la mkaa, birika, na vikombe vidogo visivyofanana hata viwili. Mwenye birika wanamwita Shangazi, wakubwa kwa wadogo. Wenye benchi ni watatu: Redio, mwenye kibanda, ambaye ukimsikiliza utadhani hakuna sauti duniani asiyoijua, Hakimu, mshona viatu, ambaye kila ubishi lazima aufunge yeye, na Spana, fundi wa magari makubwa, mwenye gereji hatua thelathini kutoka hapo. Asubuhi hiyo wawili wa kwanza walikuwa wamechangamka kama kawaida yao. Spana hakuwa na hamu hata ya kahawa. Alikuwa anaogopa, na kinachomwogopesha alikuwa amekishika mkononi.

Ilikuwa beringi kuukuu, aliyoitoa jana kwenye habu ya mbele kushoto ya lori la pacha wake. Habu, kwa asiyejua, ndiyo kitovu cha gurudumu. Ndani yake hukaa beringi, nazo zikichakaa gurudumu huanza kunguruma, kisha hushika moto, na mwisho wake huchomoka gari likiwa kwenye mwendo. Lori lile dogo, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lilikuwa likinguruma wiki nzima. Jana Spana kalitia jeki, kafungua habu ya kushoto, katia beringi mpya na grisi mpya, kakaza nati, karidhika. Leo saa moja asubuhi pacha wake kaondoka nalo, kabeba mapipa ya maji ya kambi ya wajenga barabara, na ule mteremko wa nyuma ya mlima hauna masihara. Ndipo Spana alipoiosha ile beringi ya zamani kwa mafuta ya taa, akaizungusha kwa kidole. Ikazunguka laini, bila kukwaruza hata kidogo. Haikuwa na ubovu wowote.

— Hebu lete huku, alisema Redio. Akaiweka sikioni, akaizungusha, akafumba macho. — Mm. Naijua hii. Hii ni beringi mjanja. Ukiishika mkononi inatulia, ukiibebesha mzigo inaanza vituko.

— Kama mgonjwa, aliunga mkono Hakimu. — Nyumbani anagaragara, akimwona daktari anasema hajambo.

— Beringi mbovu huwa na vidonda, alisema Spana. — Ukiipangusa tu unaviona. Hii haina.

— Vilikuwepo, ndugu yangu. Umeviosha na mafuta ya taa.

— Kidonda cha chuma hakioshwi, Redio.

— Wewe unajua chuma, mimi najua sauti. Chuma kikipata moto kinafunguka, kikipoa kinajifunga. Usiku kucha imepoa, vidonda vimejifunga.

Siku nyingine Spana angecheka mpaka kahawa imtoke puani. Leo alitamani Redio awe anasema kweli. Alimtazama Hakimu, naye Hakimu hakumwangusha.

— Mimi nasema hata habu haikuwa na kosa, alisema, huku akichoma sindano kwenye soli. — Ni yale mapipa. Maji yakicheza ndani ya pipa yananguruma. Ukijaza pipa mpaka mdomoni, kelele kwisha. Kesi imefungwa.

— Ahaa, mapipa, alisema Redio. — Basi ongeza na mlima. Lori likinguruma, mlima unaurudisha mngurumo, unakuja kugonga ukuta wa kibanda changu, nasi tunausikia mara mbili. Pengine nusu ya kelele ilikuwa ya ukuta huu.

— Kwa hiyo nifungue ukuta nitie grisi? aliuliza Spana.

Shangazi alimimina kahawa bila kucheka. Alikuwa akiitazama ile beringi mkononi mwa Spana.

— Mwanangu, na leo limepita vipi?

— Kimya, alidakia Redio.

— Si kimya, alisema Spana. — Limepungua. Nimesikia kidogo.

— Hicho kidogo ni beringi mpya ikizoea makazi, alisema Redio.

Ndivyo Spana alivyojiambia tangu saa moja. Inazoea makazi. Ila kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakuwa amemwambia mtu. Jana, kabla hajatia jeki, pacha wake alimwambia: Mimi naisikia huku kwangu, chini ya miguu. Usukani wa lori lile uko kulia. Spana akamjibu kwamba chuma husafirisha sauti, mtu akiwa ndani hawezi kujua inatokea wapi, na benchi zima limesikia kushoto, watu wazima watatu, wiki nzima. Pacha wake akarudia mara ya pili, kisha akainua mabega. Haya, fundi ni wewe.

Na fundi, kwa kiburi chake, hakuinua hata gurudumu la kulia alitikise. Kazi ya dakika mbili.

Basi hapo ndipo alipovuka barabara mama mmoja mshonaji wa nguo aliyehamia nyumba ya ng'ambo mwezi huo, na chupa yake ya kahawa mkononi. Alisalimia, akampa Shangazi chupa, akawageukia wanaume.

— Samahanini. Lile lori la maji, mwenyewe hana fundi?

Hakimu aliacha sindano. Redio alikohoa.

— Anaye, alisema Redio. — Ndiye huyu. Na jana tu amelitengeneza.

— Jana? Mbona leo ndiyo limezidi? Kioo cha dirisha langu kimetetemeka mpaka nikaacha cherehani.

— Mama, sisi tulikuwa hapa hapa, alisema Redio. — Limepungua.

— Labda kwenu, baba. Kwangu limezidi.

Aliisema kwa upole tu, bila nia ya kumuumbua mtu. Spana aliitazama barabara, akaitazama nyumba ya ng'ambo. Kila asubuhi lori hupita likiwapa benchi ubavu wa kushoto. Jioni hurudi kwa njia ya chini, halipiti hapa kabisa. Ubavu wa kulia hawajawahi kuusikia hata siku moja. Walichokijua wote watatu ni upande uliokuwa karibu na benchi.

— Ni kulia, alisema. — Jamani, ni kulia.

Alitoa simu. Vidole vilikosea mara mbili. Alihesabu muda kichwani: ni saa mbili kasorobo, kileleni hufika kwa nusu saa, hapo pacha husimama kukaza kamba za mapipa. Kwa sasa ama bado anakaza kamba, au ameshaanza kushuka. Simu iliita, ikaita. Spana aliweka sauti ya nje kwa sababu sikio lake mwenyewe hakuliamini tena.

— Sema, pacha, ilisema simu. Na nyuma ya sauti yake ulikuwepo mngurumo, mzito, kama kinu kinasaga kokoto. Hapakuwa na haja ya Redio kueleza.

— Umeshuka?

— Nimeanza. Usukani unanicheza mkononi, na kuna harufu ya kuungua.

Benchi zima lilisimama. Shangazi aliweka birika chini.

— Nisikilize, alisema Spana. — Breki usiikandamize. Rudi gia ya kwanza. Usikate kona. Kuna ukingo wa udongo upande wako wowote?

— Uko kushoto.

— Lipeleke huko taratibu, liegemee. Taratibu, pacha wangu.

Simu ilinguruma. Kitu kiligonga chuma, mara moja, mara mbili, kisha kikagongagonga bila mpango. Hakimu alikuwa ameishika soli kifuani. Spana aliona gurudumu likichomoka, aliona mapipa, alimwona mama yao akimuuliza ulifungua lipi. Kuna mkwaruzo mrefu uliosikika, halafu kishindo, halafu kimya.

— Pacha?

Spana aliinamia simu.

— Pacha, nakuomba.

Mlango wa lori ulisikika ukifunguka. Hatua zikapiga kokoto.

— Limesimama, ilisema simu. Alikuwa akihema. — Niko mzima. Mapipa mawili yamepasuka. Gurudumu la kulia limelala kama mguu uliovunjika, habu inatoa moshi, nimesogeza mkono nimeshindwa kuigusa.

Spana alikaa chini, si kwenye benchi, chini kwenye vumbi. Alilia bila kuficha uso. Shangazi alimshika bega, na Hakimu akatazama pembeni ili amstahi. Yule mama wa ng'ambo alikuwa bado amesimama akisubiri chupa yake, hajui kama amefanya jema au baya. Akauliza, pole pole, swali la mtu mgeni:

— Kwani dereva mwenyewe alisema anaisikia upande gani?

Redio alimtazama Hakimu. Hakimu alitazama sindano. Wiki nzima walikuwa wamebishana juu ya gurudumu lile, wakalijadili na mapipa na mlima na ukuta, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza. Aliyeambiwa bila kuuliza alikuwa chini, amekumbatia beringi nzima.

Simu ilikuwa bado wazi.

— Nimelisikia hilo swali, alisema pacha. — Mbona wamenyamaza?

Redio aliinamia kikombe chake.

— Basi, ndugu yangu, lete jeki na beringi za kulia. Na safari hii njoo peke yako, hao wengine waache wanywe kahawa.