Lorne Hrycak na Jezi ya Waridi

Kwa heshima zote, klabu yetu ya hoki ya barafuni inatangaza kwamba kuanzia tarehe 30 Aprili ndoano za jezi katika chumba cha wachezaji zitakuwa yatima. Siku hiyo Lorne Hrycak, kocha wa washambuliaji wa Pine Ferry, anastaafu baada ya misimu ishirini na tisa.

Lorne hakuwahi kubandika majina ukutani. Asubuhi ya mechi alitundika jezi za mazoezi: nyekundu kwa safu ya kwanza, bluu, kijani, na kijivu kwa watakaokula bisi jukwaani. Magoli ya Desemba hayakumbabaisha. Kwake, mshambuliaji wa mtoano ni yule anayeingia konani kwa mabeki wawili wenye hasira akatoka na kisahani, kile kigurudumu cha mpira tunachokipiga badala ya mpira wa duara. Waliobaki, alisema, ni mapambo ya Krismasi.

Wateja wa mkahawa wa Dot hawajasahau mechi ya saba dhidi ya Birch Narrows, ya kuamua nani aende fainali. Nahodha Darcy Wiebe, miaka ishirini, alikuwa katika msimu wake wa mwisho kuruhusiwa kucheza ligi ya vijana. Baada ya hapo ni trekta la baba yake. Mtoano mzima hakuwa amefunga. Kwa Dot walisema akipewa goli tupu atalisalimia apite zake. Lorne, kwa moyo mzito, akampangia kijivu.

Ila jana yake alikuwa amefua jezi zote pamoja kwa maji ya moto, na asubuhi akazitundika bila miwani. Nyekundu zilikuwa zimechuja rangi. Ile ya kijivu ya Darcy ikageuka waridi. Kijana akadhani ni nyekundu iliyochakaa, akaingia mazoezini barafuni na safu ya kwanza kama ndama aliyefunguliwa kamba. Mara tatu akatoka konani na kisahani.

Kocha mkuu, Garth Penner, akasogea. "Lorne, si tulikubaliana huyu akae?"

"Tulikubaliana, bwana. Sasa mtazame."

Maji ya moto hakuyataja mpaka Agosti.

Usiku ule, katika muda wa nyongeza, shuti la beki wetu lilimgonga Darcy makalioni, likaingia. Magari yalipiga honi mpaka betri zikalia. Baba yake Darcy alicheza dansi ngazini na buti za shambani. Dot aligawa keki bure, jambo ambalo halijarudiwa. Tangu hapo safu ya kwanza huvaa waridi, na ole wake atakayecheka.

Asante, Lorne, kwa jicho lako na kwa sabuni yako. Nenda ukavue samaki, ule perogi za mkeo, zile sambusa zake za viazi za kuchemsha, zikiwa bado moto, na miaka ikuendee polepole.

Fainali ya mwaka ule tulifungwa mechi zote nne.