Placide Wilondja, Mshika Kamba wa Mwamba wa Bega

Ndugu na marafiki mliokuja kumsindikiza Placide Wilondja, wengi wenu aliwahi kuwafunga kamba kiunoni, na baadhi yenu aliwasikia mkiwaita mama zenu katikati ya mwamba. Hakuwasema kwa mtu. Leo ni zamu yetu kumsema yeye.

Alizaliwa Swima tarehe 12 Machi 1979, mtoto wa pili wa mzee Alphonse, mvuvi, na mama Constance. Ziwa lilikuwa mlangoni, lakini macho ya Placide yalikuwa milimani, kwa kuwa baba yake mdogo alirina asali majabalini na alimchukua huko. Alisoma shule ya msingi Swima na sekondari Baraka, mpaka vita vya 1996 vilipomvusha ziwa hadi Kigoma.

Aliporudi mwaka 2005, alifundishwa kamba za kisasa na Henri, mpandaji kutoka Bukavu, kisha akaanza kuongoza watu kupanda Bega, ule mwamba mkubwa ulio juu ya Fizi. Kabla mtu hajainua mguu, Placide alilivuta fundo lake kwa mkono na kuuliza, "Inashika?" Asiyejibu "Inashika" hakupanda, hata angekuwa mkubwa wa serikali. Kule juu mlikula muhogo na ndakala, dagaa wetu wakavu, upepo ukiwapuliza, ziwa lote likiwa chini yenu. Siku zile zilikuwa tamu, nasi tunazililia.

Tarehe 22 Agosti 2009, parokiani Baraka, alimuoa Arlette wa Kazimia. Mama mkwe wake, Mama Immaculée, hakuficha hofu: "Muntu wa kuning'inia ku mawe! Mutoto yangu atabaki mujane mbele ya kuota mvi."

Julai 2017 mama huyo huyo alifika Bega na bamama wa kwaya, eti aone kinachomzuia mkwewe kukaa nyumbani. Alipotaka kupanda, Placide alikwama. Kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe wake, wala hasemi naye uso kwa uso. Basi aliwafunga bamama wengine, kisha akampa mgongo, akajifunga kamba yeye mwenyewe polepole, akiambia vichaka: "Mama mukwe afanye vile mi nafanya." Mama akafanya alivyojua. Placide akaibia jicho nyuma: lilikuwa fundo la kufungia mbuzi, na mama ameshaanza kupanda! Heshima ilimziba mdomo kidogo, kisha akapiga kelele, "Mama, shuka!"

Hakuwa amewahi kumwita moja kwa moja. Mama akashuka. Arlette, aliyekuwa mtoni akiwapikia wageni, akaitwa na mumewe mbio: "Kuya! Leo mikono yako njo mikono yangu." Placide akamfunga mkewe kamba, akalifungua fundo, naye Arlette akalifunga vile vile kiunoni mwa mama yake. Mama akapanda mpaka juu, akaiona Kazimia yake kwa mbali, akalia. Aliposhuka alisema, "Arlette, ambia bwana yako: heshima yake ilitaka kuniua, sauti yake njo imeniokoa." Tangu hapo Arlette aliwafunga wanawake wote waliokuja Bega, na Mama Immaculée alijifunza fundo lile kwenye mguu wa kiti jikoni.

Mwaka 2024 figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa Baraka na Bukavu, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Kila asubuhi Mama Immaculée alikaa nyuma ya pazia la mlango, asimtazame, na kuuliza, "Placide, inashika?" Naye akajibu, "Inashika, mama." Asubuhi ya tarehe 9 Februari 2025 aliuliza, na Arlette ndiye aliyetoka. Mwamba aliouogopa mama haukumgusa Placide. Alifia kitandani, mikononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Arlette, watoto, Dieumerci na Aline, wazazi wake, mdogo wake Willy, na mama mkwe wake.

Kamba zitakazomshusha leo ni zake za Bega. Mama Immaculée, ambaye hakuwahi kumshika mkono, amezifunga mwenyewe alfajiri, na Arlette amevuta kila fundo.

Placide, inashika. Shuka polepole, upumzike kwa amani.