Elibariki Mbwambo na Sinema Yake ya Besiboli

Marehemu kaka yetu, Elibariki Eliamani Mbwambo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 huko Usangi, milimani Upare, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Eliamani na Mama Navoneiwa. Mimi ninayesoma ni Namkunda, mdogo wake anayemfuata, naishi Stafford, hapa hapa Texas, karibu na Houston. Mchungaji ameniomba nisome kwa upole. Nitajitahidi, Mchungaji, ila mnamjua mtu tunayemzika leo.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapo hapo Usangi, sekondari akasoma Moshi, kisha akasomea uhasibu Dar es Salaam na kumaliza mwaka 1982. Akiwa darasa la tano alimbishia mwalimu wa jiografia kwamba mlima Kilimanjaro uko Upare, kwa kuwa unaonekana kutoka kwetu. Alichapwa, na kesho yake akarudi na hoja nyingine. Watani zetu Wachaga, ambao wamekuja leo kwa wingi kuhakikisha anazikwa kweli, husema Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Kwa kaka yetu huo haukuwa utani, yalikuwa maelezo.

Alifanya kazi Tanga hadi mwaka 1995 alipohamia Texas. Miaka yote hiyo aliishi Arlington na kufanya kazi ofisini Plano, akilalamikia foleni asubuhi na jioni, na akakataa katakata kuhama. Nilimuuliza kwa nini. Akasema hawezi kushindwa na barabara.

Tarehe 7 Julai 1984 alifunga ndoa na wifi yangu Matumaini, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Humphrey. Wifi, pole sana, na hongera kwa subira.

Sasa sinema. Siwezi kuiruka, maana hakuna aliyekaa hapa ambaye hakulazimishwa kuiangalia. Ni ile ya vichekesho, ya timu ya besiboli ya Wamarekani weusi enzi za ubaguzi, wanaozunguka mji hadi mji na basi bovu, wakikata viuno uwanjani ili watu waje kuwatazama. Aliipata mwaka 2017, na tangu hapo, iwe ubatizo, iwe kipaimara, iwe matanga ya watu, sahani zikitolewa tu Elibariki ameshashika rimoti. Usipocheka, anairudisha nyuma. Ukicheka, anairudisha nyuma pia ucheke vizuri. Alisema wachezaji wale ni watani zetu, kwa sababu anayeweza kufanya mzaha penye machungu ni mtani peke yake.

Haya. Tarehe 16 Juni 2018 Humphrey alimleta nyumbani mchumba wake Precious, pamoja na babu aliyemlea, Mzee Leonce, Mmarekani mweusi wa Houston, wakati huo mwenye umri wa miaka themanini na sita. Tulikula pilau, tukangoja mazungumzo ya posa. Kaka akaenda kwenye televisheni. Wifi akamwambia, "Baba Humphrey, leo hapana." Akajibu, "Leo ndiyo hasa, tunapokea watani!"

Ikafika pale wachezaji wanaponyimwa hoteli na kulala wamerundikana ndani ya basi. Kaka alicheka mpaka machozi, akampiga mgeni begani. Mzee Leonce akasema taratibu kwamba ujanani aliichezea timu ya namna ile, alilala ndani ya basi kama lile, na haikuwa vile. Mtu mwenye akili angenyamaza. Kaka yetu akasema, "Hapana, mzee, ilikuwa hivi hivi, angalia vizuri." Na akairudisha nyuma.

Jamani! Kumbishia mtu maisha yake mwenyewe! Mzee alichukua kofia yake, Precious akamfuata analia, na posa ikafia hapo kabla haijatajwa. Humphrey alimwambia baba yake hatakanyaga nyumba ile mpaka mzee aombwe radhi. Baba akajibu kwamba hakumtukana mtu, alitoa hoja. Basi wakanuniana zaidi ya mwaka, Arlington hiyo hiyo, baba na mwana, vichwa vyao vigumu sawasawa. Wifi akawa mtu wa kwenda na kurudi katikati yao, na mimi nilipiga simu hadi nikachoka.

Septemba 2019 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Madaktari walimweleza, akabishana nao pia.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizoshika. Mwezi Oktoba aliniita akasema, "Namkunda, nipeleke Houston." Njia nzima alinifundisha ku-drive, mgonjwa yule, nusura nimshushe. Mzee Leonce alipofungua mlango, kaka yetu aliegemea fimbo akasema, "Mzee, nilikubishia maisha yako. Nisamehe." Mzee akamtazama. "Umechelewa," akasema. "Ingia."

Na huyo Mzee Leonce ndiye aliyetaka sinema iwekwe. Kumbe kaka anayo mfukoni! Safari hii mwenye rimoti alikuwa mzee. Akaisimamisha pale kwenye basi, akasema, "Kucheka tulicheka sana. Lakini tulicheka humu ndani, peke yetu. Kule uwanjani tulikuwa kazini." Kaka yetu akanyamaza. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kumwona mtu yule amenyamaza. Alisikiliza mpaka chai ikapoa, kisha akaomba posa, na mzee akakubali.

Humphrey, usiniangalie hivyo. Hukujua kwa sababu alitukataza, mimi na Mzee Leonce aliyekaa nyuma yako, kando ya Precious. Alisema, "Ni mwanangu, nitamwambia mwenyewe." Nikamwambia mpigie leo. Akasema nisubiri Krismasi, utakuja. Na wewe ulikuwa unasubiri akuite. Mlinichosha, nyote wawili! Krismasi ilipofika alikuwa hawezi tena kusema. Ulimshika mkono, akakukazia macho, ukatoka ukaniambia bado amekasirika. Hakuwa amekasirika, mwanangu. Alikuwa anatafuta sauti.

Marehemu alifariki Jumamosi tarehe 11 Januari 2020, asubuhi, hospitalini Fort Worth, mkewe akiwa pembeni yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na moja.

Ameacha mjane, Matumaini. Mtoto mmoja, Humphrey. Dada mmoja, mimi. Na mkwe mmoja, Precious. Ndiyo, nimesoma mkwe. Alivyoagiza ndivyo nilivyoandika, na anayetaka kubisha amechelewa.

Bwana ampumzishe kaka yetu kwa amani. Humphrey, mama yako amesema muanze ninyi. Mshike mkono Precious, mje mtie udongo.