Orodha ya Bi Felisita na Barabara ya Lusahunga

Leo, Jumatano tarehe 30 Juni 1999, Bi Felisita Nshoma, Afisa Mtendaji wa Mji Mdogo wa Nyakibingo, anastaafu baada ya kuutumikia umma kwa miaka thelathini na mmoja. Kesho saa tatu asubuhi atapanda basi kurudi kwao Biharamulo. Kamati ya sherehe iliipa klabu ya gazeti la shule yetu ya sekondari kazi ya kuandika wasifu huu. Tunaomba radhi mapema ikiwa hofu ya safari hiyo itajipenyeza katika maneno yaliyopaswa kuwa ya furaha tupu.

Bi Felisita alianza kazi mwaka 1968 akiwa karani wa masjala, kisha akawa Katibu Kata, na mwaka 1989 akaletwa kwetu. Aliukuta mji una choo kimoja cha soko, nacho hakina mlango. Wengine wangeagiza mlango mpya. Yeye aliutafuta ule wa zamani kwa siku tatu, akaukuta unatumika kama meza ya kukatia nyama kwenye bucha. Inasemekana wiki ile hakuna aliyenunua nyama.

Kila Juni, madiwani hukaa kumpima mtendaji kwa malengo ya mwaka uliopita na kupanga ya mwaka unaofuata. Malengo hayo Bi Felisita hakuyafungia kabatini. Aliyaandika kwa chaki kwenye ukuta wa ofisi unaotazama soko, na mama yeyote muuza ndizi aliweza kusimama pale, akasoma na kuuliza.

Mwaka 1994 wakimbizi walivuka mpaka kwa maelfu, na mji wetu ukajikuta na majirani wengi kuliko kuni na maji yake. Baadaye zikaja bunduki. Katika msitu wa kuelekea Lusahunga, njia ya kwenda Biharamulo, mabasi yalianza kusimamishwa, na wapo wasafiri ambao hawakurudi. Serikali ikaamuru magari yaende kwa msafara, yakisindikizwa na askari. Juni iliyofuata baadhi ya madiwani waliandika ukutani lengo la kwanza: kuwadhibiti wakimbizi. Bi Felisita alilifuta kwa kiganja chake.

“Hao majambazi hawajafika ofisini kwangu kujaza fomu ya uraia,” alisema. “Tuandike tunachokitaka, tusiandike tunayemchukia.”

Akaandika: Kila anayeondoka hapa afike.

Ndipo orodha ikaanza. Kila asubuhi ya msafara alisimama mlangoni pa basi na daftari lake, akaita majina kama mwalimu wa darasa la kwanza. Hata wazee wenye mvi walijibu “Nipo, mama.” Mfanyabiashara mmoja alipojiandikisha pamoja na mbuzi wake wawili, aliambiwa mbuzi nao waitike. Msafara ukishaondoka, Bi Felisita alikwenda kituo cha polisi akaketi karibu na redio ya upepo. Askari wa Lusahunga, ng’ambo ya msitu, walisomewa majina, wakahesabu watu waliofika, wakajibu. Hakuna aliyemwona akinywa chai kabla ya jibu hilo.

Machi mwaka jana wanafunzi kumi na wanne wa shule yetu walialikwa kwenye mdahalo Biharamulo. Askari wa kusindikiza walichelewa kwa kukosa mafuta. Ilipofika saa tano, wanafunzi walikuwa wanalia kwamba watakosa mdahalo, na Bi Felisita, ambaye hakuwahi kuruhusu jambo kama hilo, akatia saini orodha ili waende bila askari. Gari dogo la dereva Fabiani likaondoka peke yake.

Ndani ya msitu walikuta gogo limelala barabarani. Ndege walikuwa kimya. Fabiani alinong’ona, “Laleni chini, msinyanyue hata kidole,” akaanza kurudi kinyumenyume, kona baada ya kona, shingo imepinda, mpaka walipokutana na msafara ukija nyuma. Gogo lilipoondolewa, kwenye majani palikutwa nyayo za watu na jungu la uji ambalo bado lilikuwa la moto. Kwa nini wenye jungu hawakutokea, hakuna ajuaye mpaka leo. Wakati huo wote redio ya Lusahunga ilikuwa inajibu neno moja: bado. Askari wa zamu wanasema Bi Felisita alisimama kwa muda wa saa nne bila kuegemea ukuta.

Siku ya tathmini ya Juni, kamati ya madiwani ilimpa alama zote kwa lengo la barabara. Yeye akachukua kalamu na kujiandikia sifuri.

Mwenyekiti wa kamati hiyo, Mzee Bulugu, ambaye ni mfugaji, alishangaa. “Mama, ng’ombe wote wako zizini. Unalia nini?”

“Wako zizini kwa sababu simba alikuwa ameshiba, Mwenyekiti. Hiyo si kazi yangu, ni kazi ya simba.”

Sifuri hiyo aliinakili kwa chaki ukutani, ikabaki mwaka mzima, juu ya bei za maharage, watu wote wakiiona. Chini yake akaongeza: Hakuna gari litakaloondoka peke yake, hata mtendaji akiruhusu. Kuanzia siku hiyo orodha ilihitaji saini mbili, yake na ya msafiri mmoja, na msafiri akikataa, gari haliondoki.

Wiki mbili zilizopita kamati ilimpima kwa mara ya mwisho. Alipata alama nzuri kwa maji, kwa soko na kwa madarasa mawili mapya. Kwa barabara, hakuna jina lililopotea mwaka mzima. Lakini ilipofika zamu ya kupanga malengo ya mtendaji ajaye, ambaye bado hajaripoti, diwani mmoja alisema orodha ni kazi ya polisi. Mzee Bulugu akasema, “Lengo la barabara tuliache wazi, tutalijadili mgeni akifika.” Bi Felisita hakubishana. Aliomba tu chaki isifutwe.

Kwa hiyo kesho msafara utaondoka huku mji hauna mtendaji. Orodha tayari ameiandika mwenyewe, na namba moja ni Felisita Nshoma, godoro moja, kuku wawili. Nafasi ya saini ya mtendaji iko tupu. Jumapili basi moja lilirudi na vioo vilivyopasuka, na abiria wake hawajataka kusimulia.

Bi Felisita, asante kwa maji, kwa soko, kwa mlango wa choo, na kwa ile sifuri iliyotufundisha zaidi ya alama zote. Wale kumi na wanne wa gari la Fabiani ndio sisi tunaoandika haya, na tumekubaliana. Saa tatu mmoja wetu atasimama mlangoni pa basi na kuita majina, na tunaomba na wewe uitike kwa sauti. Kisha tutakwenda sote kwenye redio, na hatutakunywa chai.

Tunakutakia mapumziko marefu, shamba lenye migomba minene na wajukuu wengi. Lakini hayo ni ya keshokutwa. Kwa kesho tunakutakia jambo moja: ufike.